Beni: Programu nyingi zinaingia Mbau, kila moja na orodha yake

Muuguzi wa kituo cha afya, mnunuzi wa kakao na mfanyakazi wa shirika la misaada wanaweza kupita siku moja katika Mbau, kila mmoja na simu mkononi, na wote watatu wakaandika jina la mkulima yuleyule. Wa kwanza anaandika kwa ajili ya ripoti ya afya, wa pili kwa ajili ya shamba, wa tatu kwa ajili ya msaada wa wakimbizi wa ndani. Jioni, programu hizo tatu zinatuma habari zao katika seva tatu tofauti, na hakuna hata moja inayojua kwamba nyingine zipo.

Kwa muda mrefu jambo hili lilionekana kuwa shida ya mafundi wa kompyuta peke yao. Sasa linagusa mfuko wa mkulima. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya mazao yanayotokana na ukataji misitu, iliyopitishwa mwaka 2023, inadai kwamba kila mzigo wa kakao unaoingia Ulaya uonyeshe shamba ulikotoka, kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili. Kwanza ilikuwa 30 Desemba 2024, kisha 30 Desemba 2025, na sasa ni 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, na 30 Juni 2027 kwa yale madogo. Anayebanwa na sheria ni yule anayeingiza mzigo Ulaya. Lakini yeye anamuuliza msafirishaji wa Beni au Butembo, msafirishaji anamuuliza mnunuzi wa kijijini, na mnunuzi anafika Mbau na simu yake.

Mbau ipi?

Kabla ya kufika kwenye kompyuta, kuna tatizo la jina. Mbau ni centre iliyo kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4 inayokwenda Oicha, Eringeti hadi Komanda, pale inapoachana na njia ya Kamango. Lakini kuna pia groupement ya Batangi-Mbau. Kuna sekta nzima ya Beni-Mbau, ambayo ni kubwa kupita centre hiyo mara nyingi. Na kuna eneo la afya la Mbau, ndani ya zoni ya afya ya Oicha. Fomu inayouliza tu "mahali" na kupokea jibu "Mbau" imepata majibu manne kwa neno moja.

Beni ni vilevile: kuna mji, kuna teritwari, kuna zoni ya afya. Na ramani ya utawala haifuatani na ile ya afya. Teritwari moja ya Beni imegawanywa katika zoni za afya za Oicha, Mabalako, Mutwanga, Kamango, Kalunguta na nyingine. Ebola ilipotangazwa tarehe mosi Agosti 2018, wakaaji walisema imeanzia Mangina, na ripoti zikaandika Mabalako. Wote walisema kweli, kwa maana Mangina imo ndani ya zoni ya Mabalako. Kompyuta haijui hivyo mpaka mtu aiambie.

Jina la mtu linaleta ugumu zaidi. Kwa Banande, mtoto hupewa jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Kwa wasichana kuna Masika, Kavira, Kahindo, Kanyere na wenzao. Ni desturi nzuri, kwa kuwa mtu akitaja jina lake tayari umejua nafasi yake nyumbani. Ila ukiipeleka kwenye programu iliyotengenezwa na watu wa mbali, wanaodhani kwamba jina la ukoo linatosha kumtambulisha mtu, katika kijiji kimoja utapata akina Kambale kumi na wawili, na wanne kati yao hawajui tarehe yao ya kuzaliwa.

Kwingine mtu angeombwa namba ya kitambulisho. Kongo haijafanya hesabu ya watu tangu mwaka 1984, na kadi ya mpiga kura ndiyo inayoshika nafasi ya kitambulisho. Kila CENI inapoandikisha upya, kadi mpya hutolewa. Mtoto hana kadi. Aliyekimbia usiku akaacha nyumba inaungua hana kadi. Namba ya simu nayo, katika familia nyingi, ni ya watu watatu.

Ebola ilishaonyesha

Wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, kazi ilikuwa kubwa kuliko yoyote iliyowahi kuonekana katika eneo hili. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 250,000 waliandikwa kama waliokutana na wagonjwa, vipimo 220,000 vilifanywa, na zaidi ya watu 303,000 walichanjwa.

Kila moja ya tarakimu hizo ilitoka katika orodha. Kazi iligawanywa kwa tume: ufuatiliaji, maabara, chanjo, matibabu, mazishi, mawasiliano na jamii. Kila tume ilikuwa na karatasi zake na faili zake. Baadaye ilikuja Go.Data, programu ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo hasa: kuunganisha mgonjwa na watu aliokutana nao, na kuwafuata watu hao kwa siku 21. Programu hiyo inaweza kufanya kazi hata juu ya kompyuta moja isiyo na intaneti. Pembeni yake kulikuwa DHIS2, ambayo wizara ya afya inaitumia kwa ripoti za kila mwezi za nchi nzima, pamoja na fomu za simu za aina ya ODK na KoBoToolbox ambazo mashirika mengi yanazipenda kwa kuwa mtu anaweza kuzitengeneza kwa nusu siku kutoka jedwali la Excel.

Tuchukue mwanamke aliyekutana na mgonjwa katika mji wa Beni, kisha siku ya tano akasafiri Butembo kwa dada yake. Kama orodha ya Beni na ile ya Butembo hazina namba moja inayomtambua, kwa Beni ametoroka na kwa Butembo hayupo. Sehemu kubwa ya wagonjwa wapya wakati ule walikuwa watu ambao hawakuwa katika orodha yoyote ya waliofuatiliwa. Si haki kusema kompyuta ndiyo iliyokosa. Woga, vita, hasira ya kuondolewa katika uchaguzi wa Desemba 2018 na kutowaamini wageni waliokuja na magari mengi, vyote vilichangia. Lakini mtu aliyeulizwa maswali yaleyale na timu tatu kwa siku mbili alikuwa na sababu nzuri ya kuwafungia mlango wa nne.

Ebola ilikwisha, mashirika yakafunga mizigo. Simu zilibaki kwa baadhi, ila orodha zilikwenda na wenyewe.

Goma haipo tena jirani

Mwaka 2025 ulileta mapigo mawili kwa pamoja. Mwishoni mwa Januari, Goma ilianguka mikononi mwa M23, na serikali ya jimbo ikahamia Beni. Katika mwezi uleule, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la USAID likafungwa rasmi tarehe mosi Julai. Tovuti ya FEWS NET, ambayo dunia nzima ilikuwa inasoma ili kujua wapi kuna hatari ya njaa, ilizimika ndani ya siku chache tu. Haikuharibika. Pesa iliyokuwa inailipia ndiyo iliyokatwa.

Hapo ndipo Beni na Butembo zinapaswa kujiuliza. Kama kitu kilichotengenezwa Washington kinaweza kuzimwa asubuhi moja, fomu ya zoni ya afya ya Oicha inayokaa katika seva ya shirika fulani la nje ina usalama gani? Na fundi aliyekuwa anaitwa kutoka Goma kuja kurekebisha fomu, leo anapitia wapi?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba tutengeneze programu yetu wenyewe, moja kubwa, ya jimbo zima. Ni jibu zuri kwa sikio, na gharama yake haisemwi. DHIS2 imekuwa ikijengwa kwa miaka mingi chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, na inatumika katika nchi zaidi ya 70. Hakuna timu ya vijana watano mjini Butembo itakayoibadilisha kwa mwaka mmoja, hata wakiwa wajanja namna gani. Tena haina lazima. DHIS2, ODK na KoBoToolbox zote ni programu huria: kodi zao ziko wazi, na hakuna anayelipa leseni. KoBoToolbox yenyewe ilizaliwa karibu na hapa, katika kazi ya watafiti kaskazini mwa Uganda, na jina lake linatoka katika lugha ya Acholi.

Kinachokosekana ni watu wa hapa wanaoweza kuziwasha zote pamoja, mahali pamoja, na kuona zinavyogongana kabla hazijafika Mbau.

Kwenye meza moja

Hilo linawezekana kwenye kompyuta ya kawaida, bila seva ya bei kubwa. Fundi anatumia Docker, chombo kinachofunga kila programu pamoja na vitu vyote inavyohitaji, kama mzigo uliofungwa vizuri juu ya pikipiki: hauchanganyiki na wa jirani. DHIS2 inataka Java na hifadhi ya data ya PostgreSQL. KoBoToolbox nayo inataka PostgreSQL, lakini si lazima toleo lilelile, na juu yake inaongeza MongoDB na Redis. Bila kufunga, mbili hizo zingegombana siku ya kwanza. KoBoToolbox na ODK Central, kwa kawaida yao, zote zinaomba mlango namba 80 wa kompyuta, na mlango mmoja haupitishi programu mbili. Faili moja fupi ya Docker Compose inasema nani anapita mlango upi, nani anaanza kwanza, na nani anaruhusiwa kuzungumza na nani. Faili hiyo ikishaandikwa, kijana mwingine anaichukua na kuwasha vyote kwa amri moja.

Ugumu uko kwingine. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 italemewa programu zote zikiwashwa kwa pamoja, kwa hiyo mradi mwenye busara unawasha mbili kwa wakati, zile zinazopaswa kuzungumza. Mizigo ya Docker inafika gigabaiti kadhaa, na kwa bei ya megabaiti za Beni hakuna mwanafunzi atakayeishusha kila siku. Mtu mmoja anaishusha mara moja usiku, anaihifadhi kama faili, na wengine wanaichukua kwa diski. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hifadhi ya data inaweza kuumia, kwa hiyo nakala ya kila jioni si anasa.

Kuna kosa moja ambalo timu nyingi hulifanya popote duniani, na hapa lina bei kubwa kuliko pengine. Ni kuchukua orodha ya kweli, ya watu wa kweli, na kuiweka kwenye kompyuta ya majaribio ya mwanafunzi. Majaribio yanahitaji majina ya kubuni. Yanahitaji akina Kambale kumi na wawili wa bandia, wenye tarehe za kuzaliwa zilizokosekana na simu ya pamoja, ili programu ionyeshe mapema kama itawachanganya.

Watu wa kufanya kazi hiyo wapo. UCBC mjini Beni inafundisha sayansi za kompyuta, na taasisi yake ya utafiti imeshughulika na ramani za ardhi. Butembo ina vyuo vikuu kadhaa, UCG ikiwa kati ya vile vinavyojulikana zaidi. Kila mwaka wanatoka vijana wenye vyeti, na wengi wao wanaishia kutengeneza simu au kuuza megabaiti. Kuwapa programu moja ya mazoezi ambayo haitatumika kamwe ni kuwapotezea muda, wakati programu zinazoendesha maisha ya wazazi wao ziko wazi mbele yao.

Lakini kuziwasha pamoja hakuzifanyi zielewane. Kwa hilo inatakiwa orodha moja ya marejeo: kila kijiji na namba yake, kila kituo cha afya na namba yake, na maelezo kwamba namba hii iko katika zoni ya afya fulani na pia katika groupement fulani. Kenya na Tanzania zimeshafika hapo upande wa vituo vya afya. Kila zahanati ina namba yake ya taifa, na programu yoyote mpya inaikuta hapo badala ya kuibuni. Jina likiandikwa Mbau au Mbawu, namba haibadiliki.

Shamba moja, wanunuzi watatu

Turudi kwa kakao, maana hapo ndipo muda unapopungua. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, sheria ya Ulaya inaridhika na nukta moja ya ramani. Likizidi hapo, linatakiwa lichorwe mpaka wote. Mashamba mengi ya Mbau ni madogo, kwa hiyo nukta moja inatosha. Inaonekana rahisi.

Mkulima huyo, hata hivyo, hauzi kwa mtu mmoja. Anauza kwa yule anayetoa bei nzuri wiki hiyo, na hakuna wa kumlaumu, hasa baada ya bei ya dunia kupita dola 12,000 kwa tani mnamo Desemba 2024 na kisha kuporomoka. Akiandikwa na wanunuzi watatu katika programu tatu, shamba lake moja linakuwa mashamba matatu, na mavuno yake kwenye karatasi yanakuwa mara tatu ya yale ambayo miti yake inaweza kuzaa. Mkaguzi wa Ulaya akiona hivyo, atadhani kuna kakao ya kuficha ndani yake. Anayeondolewa kwenye orodha kwanza ni yule asiye na mtu wa kumtetea.

Kisha kuna vita. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, wakulima wengi wa upande wa mashariki wa Mbau, kwenye njia ya Kamango, wameacha mashamba yao, wakarudi, wakakimbia tena. Operesheni ya pamoja ya FARDC na UPDF dhidi ya ADF inaendelea tangu Novemba 2021. Karani aliyetumwa kuandika mashamba haingii msituni kila mahali, na mkulima mwenyewe hataki. Kishawishi ni kuchukua nukta ukiwa barabarani, au mbele ya nyumba. Programu inaipokea bila swali. Miaka miwili baadaye, nukta hiyo inaonyesha kakao inayoota juu ya barabara ya taifa namba 4.

Jambo lingine linalosemwa kidogo ni tarehe ya 31 Desemba 2020. Sheria inakataa kakao ya shamba lililotengenezwa kwa kukata msitu baada ya siku hiyo. Shamba la kakao lililoachwa miaka mitano kwa sababu ya ADF linamezwa na miti. Setilaiti ikipiga picha mwaka 2020 inaweza kuona pori. Mwenyewe akirudi 2023 na kulisafisha, setilaiti hiyohiyo inaweza kusema amekata msitu. Ushahidi wa kumtetea upo, lakini hauko katika programu ya mnunuzi. Uko katika orodha za wakimbizi wa ndani zilizoandikwa na mashirika alipokimbilia Oicha au Beni, katika daftari la chifu, labda pia katika karatasi ya ONAPAC ya miaka ya nyuma. Orodha hizo zikiwa na namba moja ya kijiji, zinaweza kuonyesha kwamba watu wa kijiji hicho walihama mwaka gani. Zisipokuwa nayo, ni neno la mkulima dhidi ya picha.

Hapa lakini inafaa kusimama kidogo. Orodha inayounganisha jina, simu, shamba na mavuno ya mtu, katika eneo ambako watu wenye silaha wanaiba kakao, ni kitu cha hatari. Kuunganisha programu hakumaanishi kuweka kila kitu kapu moja. Mnunuzi hana sababu ya kujua kama mkulima aliwahi kuandikwa katika orodha ya Ebola, na muuguzi hana haja ya kujua anavuna kilo ngapi. Vinavyopaswa kuwa vya wote ni namba za vijiji na vituo. Majina yanabaki kwa aliyeyachukua, na anayetaka kuvuka mpaka huo aonyeshe sababu. Kongo ina sheria yake ya digitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na inalinda habari za mtu binafsi. Ni kiongozi gani katika teritwari ya Beni amewahi kumuuliza mwenye mradi kama anaifuata?

Swali hilo sasa lina mtu wa kuulizwa karibu, kwa kuwa ofisi za jimbo ziko Beni, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Mbau kama barabara ni salama. Mradi unaoomba ruhusa ya kuingia sekta ya Beni-Mbau unaweza kudaiwa mambo mawili kabla ya kusainiwa: utumie namba za vijiji zilizokubaliwa, na uache nakala ya fomu zake na ya maelezo ya kuziendesha mikononi mwa timu ya hapa. Mashirika mengi yatakubali, maana nayo yanachoka kuandika upya.

Faili yenyewe ya vijiji na vituo vya afya si kubwa. Ni mistari mia kadhaa ya jedwali, inaingia katika simu ya bei ndogo na inapita hata kwenye mtandao dhaifu wa Mbau. Wanaoijua vizuri zaidi ni wauguzi wakuu wa maeneo ya afya, mareko wanaozunguka nyumba kwa nyumba, na machifu. Kinachobishaniwa, kila mara jambo hili linapotajwa, ni ofisi ipi itaitunza: afya, kilimo, au utawala wa teritwari.